Unga wa lishe: Nafaka kumi, pengo lilelile la protini

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA upande wa nafaka katika Soko la Tandale, Dar es Salaam, hukosi kumkuta mama mwenye mtoto mgongoni akipimiwa unga wa lishe kwa makopo. Huanza na mahindi. Yanafuata ulezi, mtama, uwele, mchele na ngano. Muuzaji anaongeza soya na karanga, anauliza kama choroko nazo ziwekwe, kisha anasogeza beseni la mbegu za maboga na lile la ufuta. Vyote vinamiminwa kwenye ndoo moja na kupelekwa mashine, na muda si mrefu mama anaondoka na mfuko wa unga ulio bado wa moto, unaonukia karanga.

"Huu una kila kitu," ndivyo unavyosifiwa. Madukani nako hesabu ya nafaka imegeuka tangazo: saba, tisa, kumi, hata kumi na mbili. Kadiri namba inavyopanda ndivyo mzazi anavyoamini kuwa amempa mwanawe kilicho bora.

Kliniki ya mama na mtoto humwambia mengine. Huko wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri mchanganyiko mdogo, wa vitu viwili au vitatu, tena wengine wanataka soya na karanga visisagwe pamoja na nafaka. Mzazi anarudi nyumbani hajui amsikilize nani, kwa sababu muuzaji na mtaalamu wote wanataja sababu ileile: mtoto apate protini.

Ubishi huu unagusa maisha ya wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa na asilimia 18. Na ndani ya Tanzania mkoa ulioongoza ni Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto wamedumaa. Njombe na Rukwa inafuata, kila mmoja ukiwa na karibu nusu.

Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi. Kama tatizo lingekuwa uhaba wa nafaka, lingeanzia kwingine.

Protini ni nini hasa?

Shuleni tulifundishwa kuwa protini ni "vyakula vya kujenga mwili", tukachorewa samaki, yai na maharage. Si uongo, ila picha hiyo inaficha jambo kubwa. Protini haiko sahanini tu. Damu, kucha, nywele, mate, ngozi na misuli vyote ni protini au vinaendeshwa na protini. Mwembe unazo, bakteria wa kipindupindu anazo, na mbu anazo.

Kila protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Kwa kawaida viumbe hai hutumia aina 20 tu za asidi hizo. Mfikirie mtu anayetunga shanga, mbele yake kuna vibakuli 20 na kila kibakuli kina rangi yake. Akibadili mpangilio na urefu wa uzi, anapata ushanga usiofanana na mwingine wowote. Insulini, inayosimamia sukari mwilini, ina asidi amino 51. Himoglobini, inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574.

Mwingereza Frederick Sanger ndiye aliyekamilisha kusoma mpangilio wote wa insulini mwaka 1955, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Kabla yake wapo wanasayansi waliodhani protini haina mpangilio maalumu.

Mpangilio una uzito. Tatizo la mtu mwenye selimundu halitokani na chakula. Katika mnyororo wa himoglobini wenye asidi amino 146, ya sita imebadilika: palipostahili kuwa na glutamati pamekaa valini. Badiliko hilo moja linatosha kuifanya seli nyekundu ijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Mnyororo ukishatungwa haubaki umenyooka. Hujikunja na kujisokota hadi upate umbo lake, na umbo ndilo linaloamua kazi. Ute wa yai ukiingia kwenye kikaango chenye moto hugeuka mweupe na mgumu kwa sababu protini zake zimekunjuka na kung'ang'aniana. Asidi amino zote bado zimo, lakini umbo limepotea na haliwezi kurudi.

Jeni takribani 20,000 za binadamu zina maelekezo ya kutunga protini. Kolajeni peke yake, inayoshikilia mifupa, kano na ngozi, ni karibu theluthi ya protini yote mwilini. Kingamwili zinazopambana na maradhi ni protini, na vimeng'enya vinavyomeng'enya chakula tumboni ni protini pia.

Kibakuli kikiisha

Kati ya asidi amino 20, mwili hauwezi kutengeneza tisa. Hizo lazima ziingie kwa mdomo. Na hapa ndipo hesabu ya ndoo ya Tandale inapoanza kugoma.

Seli inapotunga protini huongeza asidi amino moja baada ya nyingine kwa kufuata maelekezo ya jeni. Ikihitajika lisini, mojawapo ya zile tisa, na lisini hakuna, haiweki nyingine badala yake. Kazi inasimama. Zile 19 zilizobaki haziwekwi akiba kama mafuta yanavyowekwa kiunoni; mwili huzivunja, naitrojeni yake ikatoka kwa mkojo, na mabaki yakachomwa kuwa nishati.

Lisini ndiyo inayokosekana kwenye nafaka. Gramu moja ya protini ya mahindi ina takribani miligramu 28 za lisini. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na miwili, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, anahitaji protini yenye miligramu 52 kwa gramu. Sasa tazama nafaka nyingine za kwenye ndoo. Ngano iko karibu na 28, sawa na mahindi. Ulezi haupishani nayo sana. Mtama uko chini zaidi. Mchele una nafuu kidogo, lakini haufiki hata 40.

Ukichanganya nafaka sita zenye upungufu uleule, unapata unga wenye upungufu uleule.

Rangi ya unga imebadilika, ladha imebadilika, na bei imepanda. Lisini haijaongezeka kwa maana yoyote.

Jamii ya kunde ndiyo inayoziba pengo. Protini ya maharage, kunde au choroko ina lisini takribani miligramu 70 kwa gramu, na soya ina zaidi ya 60. Kunde nazo zina upungufu wao, wa asidi amino iitwayo methionini, ambayo nafaka zinayo ya kutosha. Chukua sehemu saba za unga wa mahindi kwa sehemu tatu za unga wa maharage, kwa uzito. Ukipiga hesabu unapata takribani miligramu 50 za lisini kwa kila gramu ya protini. Umekaribia kabisa kiwango cha mtoto, kwa vitu viwili tu.

Wapishi wetu hawakusubiri maabara. Makande ya Upareni, githeri ya Kenya, na ugali kwa maharage wa bweni lolote la shule vyote vimefuata kanuni hiyo. Mtu mzima hata hahitaji kuvila kwa mlo mmoja, akivipata ndani ya siku inatosha. Mtoto mdogo, anayekula kidogo kidogo, ndiye anayefaidika zaidi vikikutana bakulini.

Karanga hudhaniwa kuwa sawa na maharage. Sivyo. Zina protini nyingi, karibu gramu 25 katika kila gramu 100, na mafuta mengi ambayo mtoto anayahitaji sana. Lakini lisini yake ni takribani miligramu 36 tu kwa gramu ya protini. Uji wa mahindi na karanga ni uji mzuri wenye nishati, ila pengo la lisini bado lipo.

Soya ina ulinzi wake

Hoja ya pili ya wataalamu ni usalama, na hapa nasimama upande wao bila kusita.

Mbegu haikuumbwa ili iliwe na mtoto wa binadamu. Imeumbwa iote. Soya, kama kunde nyingine, hujihami kwa protini maalumu zinazozuia tripsini, kimeng'enya ambacho wadudu na wanyama hutumia kumeng'enya protini tumboni. Ukila soya mbichi, protini yake inafunga kazi kimeng'enya kilichopaswa kuimeng'enya. Mtoto anakula protini nyingi na kuzipitisha bila faida, huku tumbo likimsumbua.

Maharage mekundu yana kinga nyingine, lektini. Punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu mzima.

Dawa ya vyote viwili ni moto, kwa sababu vyote viwili ni protini: zikikunjuka kama ute wa yai, zimekwisha nguvu. Soya inatakiwa ichemshwe vizuri, iondolewe maganda na ianikwe, ndipo isagwe. Ile inayochotwa mbichi kutoka kwenye gunia na kumwagwa ndoo moja na mahindi haijapita hatua hiyo. Mama anategemea uji wenyewe uimalize kazi, lakini uji mwepesi unaochemka dakika chache na kuepuliwa hautoshi.

Hiyo ndiyo sababu ya ushauri wa kusaga kila kitu peke yake. Ulezi unaiva upesi, soya inachelewa. Na mtoto akiharisha baada ya kula vitu kumi kwa mpigo, nani atajua ni kipi kilichomdhuru?

Sumu isiyoonekana

Karanga na mahindi vina hatari ya namna yake: sumukuvu. Hutokana na fangasi wanaoota kwenye mazao yasiyokauka vizuri au yaliyohifadhiwa penye unyevu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki dunia kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako vifo vilikuwa 20.

Hayo ni matukio ya sumu nyingi kwa mara moja. Kinachowasumbua zaidi watafiti ni ile kidogo ya kila siku, bakuli kwa bakuli, inayoshambulia ini. Ini ndilo linalotengeneza albumini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika majimaji ya damu, na sumukuvu ikishaingia mwilini hujibandika kwenye albumini hiyohiyo. Ndiyo maana watafiti wanaotaka kujua mtoto amekula sumu kiasi gani huchukua tone la damu na kupima albumini yake. Kipimo hicho kimetumika kwa watoto wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro.

Punje iliyooza mtu huiona na kuitupa. Ikishasagwa pamoja na nyingine kumi, hakuna jicho litakaloiona. Mfuko wa vitu kumi una milango kumi ya sumu kuingilia, na unga wenye karanga huharibika upesi kuliko unga mkavu wa nafaka.

Vita vya wataalamu

Isije ikadhaniwa kuwa wataalamu wamekuwa na kauli moja wakati wote. Kuhusu protini na watoto wamegombana kwa takribani miaka 90, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilipiganwa Afrika.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu, nywele zikibadilika rangi na ngozi ikichubuka, baada ya kuachishwa ziwa na kuanzishiwa uji wa mahindi. Mwaka 1935 aliutaja ugonjwa huo kwa jina lililoenea duniani: kwashiorkor. Mtaani kwetu tunasema kwashakoo; vitabu vya shule vinauita unyafuzi.

Kampala, katika Hospitali ya Mulago, Hugh Trowell na wenzake waliendeleza uchunguzi huo. Mwaka 1952 John Brock na Marcel Autret, waliotumwa na Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo kuzunguka nchi za Afrika, walitoa ripoti iliyoweka lawama kwenye upungufu wa protini. Mwaka 1955 Umoja wa Mataifa ukapata kamati ya ushauri wa protini. Kufikia 1968 ulikuwa unaonya kuhusu janga la protini duniani. Fedha nyingi zikaingia kwenye unga wa samaki, maziwa ya unga na protini za maabara.

Mwaka huohuo wa 1968, mtafiti C. Gopalan wa Hyderabad, India, aliwasilisha matokeo yaliyoharibu sherehe. Watoto waliopata kwashakoo na wale waliopata nyongea, yaani kukonda hadi kubaki mifupa, walikuwa wakila vyakula vya aina moja. Mlo uliomvimbisha huyu ndio uleule uliomkondesha yule.

Mwaka 1974 mtafiti Donald McLaren akachapisha katika jarida la Lancet makala kali akiita shughuli nzima fedheha kubwa ya protini. Kwa maoni yake watoto walikosa chakula kwa jumla, walikosa nishati, na dunia ilikuwa imepoteza miaka ikikimbiza kitu kimoja. Kamati ya protini ilivunjwa mwaka 1977.

Mtoto mwenye njaa huichoma protini kama kuni. Yai alilopewa asubuhi haliendi kwenye msuli.

McLaren alikuwa na hoja. Mwili ukikosa nishati hauwezi kuiacha protini ikajenga, unaichoma kwanza. Uji mwepesi wa maji maji, hata ukiwa na soya, unaishia hapo.

Lakini hata nishati haikujibu kila kitu. Mtafiti Michael Golden, akifanya kazi Jamaika, alipendekeza kuwa kwashakoo hutokana na mwili kushindwa kujikinga dhidi ya kemikali haribifu. Wazo hilo lilijaribiwa Malawi kwa zaidi ya watoto 2,000, matokeo yakachapishwa mwaka 2005: virutubisho vya kinga hiyo havikuzuia ugonjwa. Mwaka 2013, Malawi tena, uchunguzi wa mapacha ambao mmoja aliugua na mwingine hakuugua, wakila nyumba moja, ulielekeza kidole kwa bakteria wa utumbo. Chanzo kamili cha kwashakoo bado kinabishaniwa.

Hospitali inaanza na kidogo

Mzazi anayemleta mtoto aliyevimba wodini hutarajia aanzishiwe nyama na mayai. Anashangaa kuona kikombe cha maziwa mepesi.

Maziwa hayo huitwa F-75. Mililita 100 zina kilokalori 75 na protini gramu 0.9 tu, karibu sawa na maziwa ya mama. Hutolewa kidogo kidogo, mchana na usiku. Ini na figo za mtoto huyo zimedhoofika kiasi kwamba protini nyingi za ghafla ni mzigo unaoweza kumuua. Akishatulia, hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo huhamishiwa F-100, yenye protini gramu 2.9 kwa mililita 100, au chakula tiba cha karanga.

Mtoto aliyetambuliwa kuwa na upungufu wa protini anatibiwa kwanza kwa kunyimwa protini nyingi. Ukimweleza bibi yeyote mwenye wajukuu, atakuona huna akili. Hata hivyo utaratibu huu, ulioenezwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1999, umeokoa watoto wengi katika wodi zilizoufuata.

Yai la Ekuado, yai la Malawi

Baada ya kuzikwa miaka ya 1970, protini imefufuka. Mwaka 2016 watafiti walipima damu ya watoto 313 wa vijijini Malawi na kukuta waliodumaa walikuwa na kiwango cha chini cha asidi amino zote tisa za lazima. Wanaotetea vyakula vya mifugo na samaki wakapata nguvu mpya.

Ushahidi wao mzuri zaidi unatoka Ekuado. Watoto wa miezi sita hadi tisa walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa asilimia 47 ukilinganisha na wasiopewa. Yai moja! Mashirika yakaanza kuota mayai.

Jaribio lilipofanywa upya Mangochi, Malawi, kwa watoto 660, yai halikuleta tofauti ya maana kwenye urefu. Mangochi iko kando ya ziwa, na watoto wengi huko tayari walikuwa wanakula samaki. Waliokuwa na kitu cha kuongezewa Ekuado hawakuwa sawa na hao.

Kenya wana ushahidi wao. Katika shule 12 za Embu, kuanzia mwaka 1998, wanafunzi waligawiwa githeri: wengine yenye nyama, wengine yenye mafuta zaidi, wengine pamoja na maziwa. Waliokula nyama walijenga misuli zaidi na kufanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Maziwa yalisaidia urefu wa wadogo waliokuwa wamedumaa.

Je, ni protini iliyofanya kazi? Nyama ya Embu ilikuja na madini ya chuma, zinki na vitamini B12. Kuvitenganisha na protini ni kazi ya watafiti. Mzazi ananunua kipande kizima.

Kijiko cha kimea

Tumbo la mtoto mwenye kilo nane linabeba takribani mililita 240 kwa mara moja, kikombe cha kawaida cha chai. Uji mwepesi wenye sehemu moja ya unga kwa kumi unampa kilokalori zisizozidi 90 kwa kikombe hicho, na protini gramu mbili hivi. Mtoto wa miezi tisa hadi kumi na moja anahitaji kilokalori 300 za chakula kwa siku, nje ya maziwa ya mama. Ukiongeza unga, uji unakuwa mzito na mtoto anautema.

Katika miaka ya 1980 watafiti A. C. Mosha wa Tanzania na U. Svanberg wa Sweden walionyesha njia ambayo wapishi wa togwa wa Iringa, Songea na Mbeya waliijua kwa mikono. Ulezi hulowekwa, huoteshwa, huanikwa na kusagwa. Ndicho kimea.

Pika uji mzito kama ugali mlaini, unga mara mbili ya kawaida. Uache upoe kidogo, maana moto mkali utaua kinachotakiwa. Tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Kwanza hakuna kitu. Kisha mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi, uji unalegea na kung'aa, na ndani ya dakika chache unamiminika bila kuongezwa tone la maji, tena una utamu kidogo. Uchemshe tena kwa muda mfupi kwa ajili ya usafi, umpe mtoto.

Kilichofanya kazi hiyo ni amilasi, kimeng'enya ambacho mbegu hukitengeneza inapoota ili kukata wanga wake kuwa sukari ya kulisha chipukizi. Tunayo hiyohiyo kwenye mate. Protini iliyokuwa ikimhudumia mche wa ulezi imemwezesha mtoto kupata karibu mara mbili ya chakula katika kikombe kilekile.

Tahadhari ni mbili. Mtama ukioteshwa, machipukizi yake hutengeneza sianidi, kwa hiyo lazima yaondolewe. Ulezi hauna shida hiyo. Na mbegu ikioteshwa kwenye uchafu, ukungu huota pamoja nayo.

Kwa mizani yangu, kimea na kikombe cha maharage vina faida kuliko nafaka sita za nyongeza. Havina kampuni ya kuvitangaza.

Dagaa wanakwenda wapi

Kijiko cha unga wa dagaa kwenye uji huleta lisini, chuma na kalisi kwa mpigo. Ziwa Victoria limejaa dagaa, omena kwa Wakenya, mukene kwa Waganda. Lakini sehemu kubwa ya mavuno hayo huishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku na samaki wa kufugwa. Mfugaji naye anatafuta lisini, kwa sababu kuku wa mahindi matupu hakui, na ana fedha taslimu. Mwenye kichanja mwaloni Mwanza anauza kwa anayelipa leo. Dagaa walioanikwa mchangani wakati wa mvua, waliochanganyika na kokoto, hakuna mama atakayewasaga kwa ajili ya mwanawe.

Njia nyingine ilikuwa kubadilisha mahindi yenyewe. Mwaka 1964 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walitangaza aina ya mahindi yenye lisini, na asidi amino nyingine iitwayo triptofani, takribani maradufu. Punje zake zilikuwa laini na fukusi walizipenda mno. Evangelina Villegas wa Mexico na Surinder Vasal wa India walitumia miaka mingi kuzifanya ngumu bila kupoteza protini, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Tanzania ilipata mbegu zake mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 na kuzipa majina ya Lishe K1, Lishe H1 na Lishe H2.

Hazikutawala mashamba. Sifa hiyo inabebwa na jeni inayomezwa kirahisi: chavua ya mahindi ya kawaida ikipeperushwa kutoka shamba la jirani, punje zinazotokea zinarudi kuwa na protini ya kawaida. Mkulima hawezi kuzitofautisha kwa macho. Naye dalali anayefika na lori lake wakati wa mavuno hupima uzito na ukavu, na gunia la Lishe hulilipia bei ileile ya gunia jingine lolote.